Sauti, picha, khanga au daftari: kumbukumbu za Bibi tuziweke wapi?

Siku mbili baada ya arobaini ya Bibi, mjomba mdogo aliyeko Muscat aliandika kwenye kundi letu la familia: "Jamani, tumfanyie Mama kitu cha kumkumbuka. Kila mtu aseme lake." Mpaka magharibi tulikuwa na mapendekezo saba na ugomvi mmoja. Mama mdogo alitaka picha kubwa ya fremu sebuleni. Mama mkubwa hakutaka picha ukutani kabisa, kwa sababu sebule hiyo ndiyo anayosalia. Mjomba alitaka fulana zenye sura ya Bibi. Binamu yangu wa Dar alitaka ukurasa wa Facebook. Mama aliandika mstari mmoja tu: "Khanga zake zisiguswe mpaka nifike."

Mimi nikapewa kazi ya kulinganisha. Nafanya kazi ya kompyuta, na katika ukoo wetu anayejua kubonyeza huaminika anajua kila kitu. Yaliyomo humu ni niliyoyaona baada ya mwaka na ushei wa kujaribu karibu yote yaliyopendekezwa, mengine kwa hasara. Nayaandika kwa yeyote aliyetoka msibani karibuni, ambaye familia imeanza kumuuliza: tufanye nini?

Nilianza kwa vipimo vya kawaida: gharama, kudumu, na nani ataweza kukifikia kitu chenyewe. Kipimo kikubwa nikafundishwa na mtoto. Mjomba mdogo alikuja Tanga na mwanawe wa miaka sita, ambaye Bibi alimjua kwenye kioo cha simu tu. Tulimwonyesha picha ya fremu. Akauliza, "Huyu Bibi?" Tukasema ndiyo. Akaondoka kwenda kufukuza kuku. Jioni Mama akafungua sanduku la khanga, yule mtoto akashika moja nyekundu na nyeusi, akaigeuza huku na huku, akauliza, "Mbona hii haina maandishi kama zile nyingine?" Kujibu swali hilo kulituchukua saa nzima, na katika saa hiyo nilisikia habari za harusi ya Bibi ambazo sijapata kuzisikia miaka yote ya uhai wake. Tangu siku hiyo, kila pendekezo nalipima hivi: asiyemjua marehemu akikiona au akikisikia kitu hiki, atauliza swali?

Sauti au picha?

Picha za Bibi za kabla ya zama za simu hazifiki thelathini. Nyingi ni za studio: amesimama kando ya kimeza chenye maua ya plastiki, mkono juu ya mgongo wa kiti, uso umekazwa kama anasubiri hukumu. Hakuna hata moja anayocheka. Kizazi chake hakikupiga picha kwa kucheka. Picha ilikuwa gharama, na gharama haichezewi. Lakini muulize mtu yeyote wa mtaa wetu wa Ngamiani, atakwambia alikuwa akimsikia Bibi akicheka kutoka barabara ya pili. Kwa hiyo mjukuu atakayemjua Bibi kwa picha peke yake atamjua mwanamke mkali ambaye hakuwepo.

Sauti ndiyo iliyombeba alivyo. Bibi hakupenda kuandika ujumbe, herufi za simu zilikuwa ndogo, akazoea kutuma sauti kwa WhatsApp. Ninazo arobaini na tatu. Katika moja ananigombeza: "Wewe mtoto, simu hiyo ulinunua ya kupokea au ya kutazamia saa?" Nyuma yake kuna mwiko unagonga sufuria, jogoo wa jirani, na mtu anaulizia mkate wa kumimina kama umekwisha. Hakuna mpiga picha angeweza kuniletea asubuhi ile kama ilivyo.

Tofauti kubwa kati ya viwili hivi iko kwenye namna vinavyopotea. Picha hakuna anayeitupa. Itafifia, itapata ukungu, itagandana na kioo, lakini mtu hachukui picha ya mama yake akaichana. Sauti watu wanaifuta kwa mikono yao wenyewe bila kujua. Mjomba, ambaye Bibi alikuwa akimtumia sauti karibu kila siku, hakuwa nayo hata moja: simu yake hujaa, na kila Jumapili huisafisha. Alipogundua alikaa kimya kwenye kundi siku tatu, na mjomba si mtu wa kukaa kimya.

Ndiyo maana nasema sauti ianze, tena iwe wiki hii. Zile zilizokwisha kupakuliwa kwenye simu yako ni zako hata namba ya marehemu ikifungwa, lakini simu ikiibiwa, ikitumbukia majini, au ukibadilisha bila kuhifadhi nakala, zimekwenda. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na laini iliyokaa bila kutumika, kampuni ya simu huifunga na namba ikaja kupewa mtu mwingine. Jiandae kwa hilo. Miezi kadhaa baada ya msiba, jina "Bibi" liliibuka kwenye simu yangu likiwa na picha ya kijana amevaa miwani ya jua. Sikumlaumu kijana wa watu. Nilibadilisha jina tu, lakini kazi siku ile haikufanyika.

Kuzihifadhi si kazi ngumu. Faili za sauti ni ndogo sana, mia nzima hazichukui nafasi ya video moja ya harusi. Mimi nilizihamishia kwenye kompyuta, nikaweka nakala kwenye Google Drive, na nyingine kwenye flashi inayokaa kwa mama mdogo, ili nyumba moja ikipata janga isiondoke na vyote. Google wanatoa GB 15 bure, zinatosha na kubaki. Ila usifungue akaunti mpya kwa ajili ya marehemu halafu ukaisahau: tangu mwisho wa 2023 wanafuta akaunti za watu binafsi zilizokaa miaka miwili bila kuguswa. Tumia ile unayoifungua kila siku. Na kila faili ipe jina linaloeleweka, kwa mfano "Bibi anagombeza kuhusu simu, Ramadhani 2021". Sauti inayoitwa kwa tarakimu ishirini ni sawa na picha isiyo na jina nyuma, baada ya miaka kumi hakuna atakayeifungua.

Sasa ubaya wa sauti. Inauma kuliko kitu chochote katika ulinganisho huu. Siku ya hitima ya mwaka nilidhani nitawafurahisha watu, nikacheza moja kwa spika, ile Bibi anapowaita wanawe waje wale. Mama mdogo aliinuka taratibu akaenda ua wa nyuma. Nilipomfuata akaniambia, "Mwanangu, umefanya vizuri kuziweka. Lakini mimi kuitwa na Mama bado siwezi." Basi hifadhi leo, usiharakishe kusikilizisha. Picha mtu anaweza kuitazama akageuza macho. Sauti ikishaanza imekwisha kukufikia.

Kuna na siri. Mtu anapomtumia mjukuu sauti hazungumzi na ukoo. Bibi alinisema, alimsema mke wa mtu fulani, alitaja nani anadaiwa nini. Nilizisikiliza zote peke yangu kwanza. Nne nilimpelekea kila mhusika yake, mbili zimebaki kwangu na zitabaki kwangu.

Turudi kwenye picha, maana sizidharau. Ikiwa marehemu wako aliondoka kabla ya simu za namna hii, picha ndizo ulizonazo. Yale madaftari ya picha yenye kurasa za gundi na plastiki juu, yaliyojaa kwenye makabati yetu tangu miaka ya themanini, picha zitoe humo polepole: gundi hugeuka njano na kula picha, na joto la pwani huharakisha. Iliyoganda usiivute kwa kucha, pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake. Ziweke kwenye bahasha za karatasi, ndani ya bati la biskuti, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Nyuma andika kwa penseli laini. Kalamu ya wino hupenya au huchafua picha ya chini yake. Ukitaka kuzipiga kwa simu, zipeleke barazani kwenye kivuli, zima mwanga wa kamera, na ukimtumia mtu kwa WhatsApp tuma kama faili ya hati, kwa sababu ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na ubora unapungua.

Halafu, na hapa ndipo picha ilipopanda alama machoni pangu, kaa na mzee mmoja ukiwa na bati hilo na simu inarekodi. Usimwambie "nisimulie maisha ya Bibi". Atasema alikuwa mtu mwema, alipenda watu, basi. Mpe picha moja, muulize, "Huyu wa kushoto ni nani, na mbona kanuna?" Mama mkubwa alizungumza dakika arobaini juu ya picha ndogo ya pasipoti.

Kuhusu fremu ukutani: kwetu tulikubaliana iwekwe kwa mama mdogo, isiwekwe pale mama mkubwa anaposalia. Katika familia za pwani hili si jambo dogo, na anayelipuuza kwa kudhani wazee wana mambo ya zamani atakuwa amemkumbuka Bibi kwa kumuudhi binti yake.

Khanga au fulana?

Hapa sitajifanya hakimu asiye na upande.

Fulana ya kumbukumbu ina sifa moja: inapatikana haraka. Unapeleka picha leo, keshokutwa mnavaa, na vijana wanajisikia wamoja. Hoja hiyo ya mjomba ni ya kweli. Lakini angalia kinachofuata. Baada ya kufuliwa mara kadhaa sura inaanza kupasuka. Kuivaa sokoni unaona haya, kuifanya dekio huwezi, nani atadekia sura ya bibi yake? Inaishia chini ya kabati. Na mtoto akiiona haulizi kitu, kwa kuwa jibu limekwisha kuchapwa kifuani: jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa.

Khanga ni habari nyingine. Ina pindo, ina mji, yaani ile nakshi ya katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa, na hilo jina ndilo linaloibeba hadithi, kwa kuwa mwanamke hainunui khanga kwa rangi peke yake. Katika sanduku la Bibi kulikuwa na iliyoandikwa NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Ukiisoma hivi hivi ni maneno ya kuchekesha. Mama alipoiona aliangua kicheko cha Bibi mwenyewe: ilinunuliwa mwaka waliokosana na jirani kwa sababu ya kisima, ikavaliwa wiki nzima kwenye njia ya kisimani, na jirani akajibu kwa yake. Hakuna aliyepigwa ndoo. Miaka mingi baadaye jirani huyo ndiye aliyekuja kumwosha Bibi.

Kulikuwa na nyingine za kiwanda cha Urafiki, kile kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kuanza kazi 1968, zilizopatikana kwa foleni katika miaka ile ya mwanzo wa themanini ambapo sabuni, sukari na khanga vyote vilikuwa vya kupangia mstari. Bibi alikuwa akisema hakuchagua jina, alichagua kupata. Na ile isiyo na maandishi, iliyomshangaza mtoto wa mjomba mdogo, ilikuwa kisutu, khanga ya bibi harusi ya pwani tangu zamani, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Aliolewa nayo.

Kabla hujafungua sanduku la mtu wako, kuna jambo la sheria na adabu. Kwa Waislamu vitu vya marehemu, hata nguo, ni sehemu ya mirathi. Si vya anayeishi nyumba hiyo, wala si vya aliyemuuguza, hata kama moyo unaona hivyo. Warithi wakubaliane kwanza nini kinatolewa sadaka na nini kinabaki kwenye familia. Mama aliposema zisiguswe mpaka afike hakuwa na choyo. Nimeona nyumba iliyogawana nguo siku ya tatu, na mpaka leo ndugu wawili hawaketi mkeka mmoja.

Tulipokubaliana, tukagundua uzuri wa doti. Doti ni vipande viwili vyenye mji mmoja na jina moja. Ukiikata katikati, dada wawili wanakuwa na khanga ile ile. Mama ana nusu ya Simba, mama mdogo ana nusu ya Simba. Wakikutana harusini wakiwa wamejitanda nazo, Bibi anatajwa kabla hata ya pilau kuletwa. Moja hatukuifua. Mama aliifunga kwenye mfuko kama ilivyotoka kitandani, na harufu ya udi na ya hiliki. Nisikudanganye, harufu hiyo imepungua sana na haitafika miaka mitano. Katika vyote nilivyolinganisha, hakuna chombo cha kuhifadhi harufu. Kwa nyingine zote tumeweka karafuu na majani makavu ya mwarobaini kuzuia wadudu, maana vidonge vya nondo vinalinda nguo na kumfukuza Bibi.

Udhaifu wa khanga ni kwamba bila msimulizi inabaki kuwa kitambaa. Basi pamoja na kila moja tumeshona kipande kidogo cha bafta kwenye kona, kimeandikwa nambari, na nambari hiyo inakwenda kwenye daftari.

Daftari au kikao?

Nilidhani daftari litashinda kila kitu. Karatasi haihitaji chaji wala neno la siri. Nikanunua kubwa la kaunta, la jalada gumu, nikawapitia wazee mmoja mmoja. Mahali pa kwanza nilipokwama ni mwaka wa kuzaliwa. Kitambulisho cha Bibi kinasema 1 Januari, siku ambayo nusu ya wazee wa nchi hii walizaliwa. Yeye mwenyewe alikuwa akisema siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961, alikwenda kutazama watu wakishangilia, Mama akiwa mgongoni. Cheti cha Mama kinasema 1963. Mama mkubwa anasema mtoto wa mgongoni alikuwa yeye. Mama hataki kusikia hilo, kwa kuwa ameishi maisha yake yote na fahari ya kuuona Uhuru akiwa kwenye mbeleko.

Maandishi yanakulazimisha kuchagua. Kikaoni, Mama na mama mkubwa wanabishana, wanacheka, wanakwenda kula, na Uhuru unabaki na watoto wawili. Ukiandika mmoja tu, umemnyang'anya mwenzake. Nilichofanya ni kuandika yote mawili, kila neno na aliyelisema. Kama unaandika historia ya ukoo wako, usijifanye hakimu. Andika "Mama anasema hivi, mama mkubwa anasema vile", msomaji atajua.

Daftari lilitushinda pia kwenye mapishi, mara ya kwanza. Bibi aliuza mkate wa kumimina miaka mingi, na vipimo vyake vilikuwa kibaba cha mchele uliolala majini, tui "la kwanza lote, la pili kidogo", hamira "ya kidole", sukari "mpaka roho iridhike". Niliandika hivyo hivyo, binamu akapika, ukatoka mkate wa kuzibia ufa. Safari ya pili nilimkalisha mama mkubwa apike kwa mkono wake, na mimi nikapima kila alichochota kabla hakijaingia kwenye bakuli. Ndiyo mapishi yaliyomo kwenye daftari sasa, na ni ukurasa unaofunguliwa kuliko zote. Una madoa ya mafuta tayari. Kwa kipimo changu cha swali, jiko liko juu: watoto huuliza kwa nini mchele unalala majini.

Kikao, yaani hitima ya kila mwaka, kina gharama. Mchele, nyama, nauli za watu wa Mombasa na Dar, na lawama ya nani kachanga nini. Ila nimegundua kwamba kumbukumbu zenyewe hazitoki wakati wa kisomo. Hapo watu wako kwenye dua, na ndivyo inavyotakiwa. Zinatoka baadaye, kwenye karo, wakati wa kuosha sufuria, wanawake watano na majivu. Kama una nia ya kusikia habari za marehemu, nenda kasugue masufuria. Na ukitaka kurekodi, omba ruhusa.

Majirani zetu Wakristo wana misa ya kumbukumbu na siku ya kujengea kaburi, nayo hufanya kazi ile ile. Rafiki yangu wa Moshi ananiambia kwao hawahitaji kualikana: wazee wamezikwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la ukoo, na kila Desemba ukoo unarudi, watoto wanacheza hatua chache kutoka kwa babu yao. Ndugu zetu wa Kenya wana kitu ambacho ningependa tukiige, kile kijitabu cha siku ya mazishi chenye wasifu na picha. Huandikwa kwa haraka na kwa machozi, lakini kinaandikwa, na kila mgeni anarudi na nakala nyumbani. Kama ulipewa, usikitupe. Chukua penseli, sahihisha majina, ongeza waliosahauliwa.

Vilivyobaki, kwa kupita

Ukurasa wa Facebook tuliufungua. Wiki ya kwanza pole zilimiminika, mwezi wa pili kimya. Halafu mtu akaweka picha ya Bibi kichwa wazi, akisukwa nywele uani, picha nzuri sana, ambayo yeye asingekubali ionwe na mwanamume asiye wa nyumbani. Tuliitoa. Kama marehemu alikuwa na akaunti yake mwenyewe, familia inaweza kuomba igeuzwe kuwa ya kumbukumbu, na hilo lina maana kwa sababu maneno ni yake. Kumfungulia ukurasa mtu ambaye hakuwahi kuwa nao, naona ni kumpeleka ugenini.

Jina. Mtoto wa binamu yangu aliyezaliwa Mombasa amepewa jina la Bibi, na sasa wazee wanamwita "somo" na wengine wanamwita "mama" kabisa. Haigharimu kitu, na jina linatajwa nyumbani mara mia kwa siku. Tahadhari moja tu: msimbebeshe mtoto tabia za marehemu. Nimeshasikia akiambiwa "Somo yako hakuwa mlizi hivi." Ana miezi minane.

Kisima na sadaka nyingine ya kuendelea sikuviweka kwenye mizani hii kwa makusudi. Hadithi ya Mtume inajulikana: mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Hivyo ni kwa ajili yake huko aliko. Haya mengine yote ni kwa ajili yetu sisi tuliobaki. Familia yenye fedha ya jambo moja tu ifanye hiyo sadaka, sauti na daftari vitafuata bila kuhitaji michango.

Kwa hiyo ungekuwa mimi?

Kama msiba ni wa karibuni na marehemu alikuwa na simu, anza na sauti, usiku huu, kabla mtu hajasafisha simu yake. Tuma ujumbe kwenye kundi: asifute mtu kitu. Usiguse kitu kingine chochote mpaka machozi yapungue, hasa sanduku. Kama alikufa zamani na hakuna sauti, chukua bati la picha uende kwa mzee aliyebaki, ukae naye asubuhi, wazee wengi akili zao ni za asubuhi, na feni uizime kwa sababu kwenye rekodi inanguruma kama lori. Familia iliyotawanyika miji mitatu na nchi mbili haitanufaika na fremu moja kwenye sebule moja, igawane doti. Familia inayoishi pamoja haihitaji ukurasa wala fulana, inahitaji mtu mmoja mwenye daftari na subira ya kuosha vyombo.

Na kama Bibi yako yuko hai, mpigie. Ukimaliza kumsalimia muulize khanga aliyojifunga leo inasemaje.

Sisi tulimaliza hivi: sauti ziko mahali patatu, picha zina majina nyuma, khanga zimegawanywa, daftari liko kwa Mama, na mimi nina deni la kuandika kurasa za foleni za miaka ya themanini. Wiki iliyopita sikupokea simu kutoka Muscat, nilikuwa kwenye daladala. Nilipofika nyumbani nikakuta sauti ya sekunde chache. Ilikuwa ya mwana wa mjomba mdogo, yule wa miaka sita: "Wewe, simu hiyo ulinunua ya kupokea au ya kutazamia saa?" Nyuma yake baba yake alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Mjomba bado anauliza saizi zetu za fulana.